Majike Waliowatimulia Vumbi Madume

Mwezi huu naomba tuziweke pembeni kidogo zile stori za nani kakutwa na meseji ya nani kwenye simu. Nataka tuongelee mastaa wa kike wenye miguu minne. Usicheke! Nazungumzia farasi majike wa mbio tambarare, zile ambazo hakuna kuruka viunzi wala uzio, ni kasi tupu kutoka geti la kuanzia mpaka mstari wa mwisho. Wenzetu wa Nairobi wanazijua, pale Ngong Racecourse. Sisi wengine tumezoea kuziona kwenye luninga tu, na wengi wetu hatujui kama aliyeshinda ni dume au jike.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Kwa kawaida majike huwa wana mbio zao wenyewe. Akitokea mmoja anayewashinda wenzake kila siku, swali linakuwa lile lile unalolisikia maofisini: sawa, lakini kwa wanaume ataweza? Kwenye mbio za Arc kule Paris, ambazo ni kubwa kuliko zote Ulaya, jike hubebeshwa uzito pungufu wa kilo moja na nusu kuliko dume wa umri wake. Basi hiyo kilo moja na nusu ina maneno, we acha tu! Jike akishinda, kapendelewa. Akishindwa, si tulisema?

Mkubwa wao wote kwa rekodi ni Kincsem, bibie wa Hungary aliyezaliwa mwaka 1874. Alikimbia mara 54 na kushinda mara 54. Soma tena hiyo namba taratibu. Alizunguka Ulaya kwa treni, mwaka 1878 akashinda Goodwood Cup Uingereza na mbio kubwa ya Deauville kule Ufaransa, akarudi kwao hajaguswa na mtu. Jina lake kwa Kihungary maana yake ni "hazina yangu", yaani kama wewe unavyomwita wako laazizi. Inasimuliwa kwamba hakuwa anapanda treni bila paka wake, na kwamba usiku mmoja wa baridi alimwona mtunzaji wake, Frankie, kalala bila blanketi, akavuta lake mwenyewe akamfunika. Toka siku hiyo, wanasema, kila Kincsem akifunikwa blanketi alilivua na kumpelekea Frankie. Frankie naye hakuoa mpaka anakufa. Ukweli wa kila kipande cha stori hii siwezi kukuwekea dhamana, lakini Wahungary wanaipenda, na uwanja wa mbio wa Budapest mpaka leo unaitwa Kincsem Park.

Sasa tuingie kwa Ruffian, na hapa naomba tukae kidogo.

Ruffian alikuwa jike wa Marekani mwenye rangi karibu na nyeusi, mkubwa wa umbo, aliyeanza mbio mwaka 1974. Mbio yake ya kwanza alishinda kwa kuwaacha wenzake umbali wa farasi 15 waliopangwa mstari mmoja. Alikimbia mara 10 na kushinda mara 10, na katika zote hizo hakuwahi kumwona farasi mwingine mbele yake. Mwaka 1975 akachukua mbio zote tatu kubwa za majike wa New York. Mwaka huo huo bingwa wa Kentucky Derby alikuwa dume anaitwa Foolish Pleasure. Unajua kilichofuata. Marekani ilikuwa bado imelewa na lile pambano la tenisi la 1973, Billie Jean King alipomchapa Bobby Riggs, na kila mtu anataka awamu ya pili. Wakawapambanisha wawili hao peke yao, jike na dume, Julai 6, 1975, uwanja wa Belmont Park.

Kuna jambo moja katika hadithi hii ambalo nalipenda kuliko yote. Mpandaji wa kawaida wa Ruffian alikuwa Jacinto Vasquez. Na aliyempanda Foolish Pleasure akashinda Derby, ni huyo huyo Vasquez! Yaani katika dunia nzima hakuna aliyewajua wote wawili kwa undani kama yeye, na akatakiwa achague mmoja. Alimchagua Ruffian. Magazeti yalibishana wiki nzima nani zaidi, wakati jibu la mtaalamu lilikuwa limeshatolewa kimya kimya.

Watu kama 50,000 walifurika uwanjani. Geti likafunguliwa, wakaondoka wote wawili bega kwa bega, Ruffian akachomoza mbele kidogo. Halafu mguu wake wa mbele wa kulia ukavunjika. Vasquez alijitahidi kumsimamisha, lakini Ruffian hakutaka kusimama, aliendelea kukimbia juu ya mguu uliovunjika. Usiku ule madaktari walimfanyia upasuaji. Alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi alianza kurusha miguu kama vile bado yuko uwanjani, akajiumiza upya, na alfajiri ya Julai 7 ikabidi wampumzishe. Alikuwa na miaka mitatu. Awali walimzika pale pale Belmont Park.

Kila nikiisoma habari hii huwa nauliza, hivi ile mbio ilikuwa ya nini? Rekodi alishakuwa nayo. Heshima alishakuwa nayo. Kilichobaki ni kiu ya watu waliotaka kuona kama mwanamke anaweza kumshinda mwanaume, basi. Baada ya msiba ule, hamu ya kuwapambanisha farasi wawili wawili kwa mtindo huo ilipoa sana Marekani.

Tuvuke miaka 34. Mei 2009, Calvin Borel anashinda Kentucky Derby juu ya dume anaitwa Mine That Bird, farasi ambaye karibu hakuna aliyemtegemea. Kwa kawaida mpandaji akishinda Derby anabaki na farasi wake mpaka mbio inayofuata, Preakness, maana huko ndiko ndoto ya mataji matatu iliko. Borel akamwacha bingwa! Akampanda Rachel Alexandra, jike ambaye siku moja kabla ya Derby alikuwa ameshinda Kentucky Oaks kwa umbali wa zaidi ya farasi 20. Preakness ikapigwa, Rachel wa kwanza, Mine That Bird wa pili. Jike wa mwisho kushinda mbio hiyo alikuwa Nellie Morse, mwaka 1924. Kina kaka mnaosoma ukurasa huu, mnamwona Borel? Hakuona aibu kusema huyu dada ndiye bora.

Mwaka huo huo alikuwepo Zenyatta. Huyu alinunuliwa mnadani kwa dola 60,000, na jina lake linatokana na albamu ya The Police, kwani mmiliki wake Jerry Moss alikuwa bosi wa kampuni iliyowarekodi. Kabla ya mbio alikuwa anatembea kwa madaha, miguu ananyanyua juu kama anacheza. Geti likifunguliwa anabaki wa mwisho, mashabiki roho mkononi, halafu kwenye kona ya mwisho anaanza kuwapita mmoja mmoja. Novemba 2009 akawa jike wa kwanza kushinda Breeders' Cup Classic. Alishinda mara 19 mfululizo. Mbio ya 20, mwaka 2010, alichelewa tena kama kawaida yake, akakimbiza, na Blame akamshinda kwa kichwa tu. Yeye na Rachel hawakukutana hata siku moja, na mashabiki wao wanagombana mpaka leo. Mimi ni wa Zenyatta, samahanini.

Australia nako moto. Black Caviar alikimbia 25, akashinda 25. Mwaka 2012 alisafirishwa kwa ndege mpaka Uingereza akiwa amevalishwa suti maalumu ya kubana misuli, akakimbia Royal Ascot. Mpandaji wake, Luke Nolen, aliona kazi imeisha akalegeza mikono kabla ya mstari. Nusura wapitwe, wakapona kwa kichwa. Baadaye ikagundulika alikuwa amechanika misuli. Winx yeye alianza kwa kusuasua, katika mbio 10 za mwanzo alipoteza sita. Halafu kuanzia Mei 2015 mpaka anastaafu Aprili 2019 hakushindwa tena: mbio 33, na ndani yake Cox Plate nne. Na kama unafanya kazi ofisini utampenda Makybe Diva, aliyechukua Melbourne Cup mwaka 2003, 2004 na 2005. Jina lake limeungwa kwa herufi mbili mbili za mwanzo za majina ya wanawake watano waliokuwa wameajiriwa na mmiliki wake.

Kuhusu kustaafu, dada zangu mtanielewa. Dume akistaafu, anapelekewa wake. Jike akistaafu, dunia nzima inamwuliza jambo moja: mtoto lini? Winx alibeba mimba, na mwaka 2020 mtoto wake wa kwanza akafa wakati wa kuzaliwa, mama mwenyewe akawa mahututi. Mwaka 2022 akajaliwa binti. Aprili 2024 huyo binti alipelekwa mnadani, bei ikapanda mpaka dola milioni 10 za Australia, na aliyemnunua ni Debbie Kepitis, mmoja wa wamiliki wa Winx mwenyewe. Hakutaka mtoto aende mbali.

Black Caviar hakuwa na bahati hiyo. Agosti 2024, muda mfupi baada ya kujifungua, alipatwa na ugonjwa wa kwato usiopona. Alikufa tarehe 17. Kesho yake angetimiza miaka 18.

Tuonane mwezi ujao.