Ndege Ikanga Sawa, Lakini Abiria wa Mghange Atafikaje Huko?

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na hapa Taita Taveta kiwanja cha ndege cha Ikanga, karibu na mji wa Voi, hakikosi kutajwa siasa zinapopamba moto. Tunaambiwa ndege zikianza kutua hapo kila siku, watalii watakuja, kazi zitapatikana na safari zitakuwa fupi. Mimi sipingi ndege. Nataka tu tupige hesabu kabla ya kupiga makofi.

Hivi majuzi niliitwa Nairobi kikazi, na walionialika wakanilipia tiketi ya ndege kutoka Mombasa. Kwa mtu wa Mghange, safari hiyo ni kioja. Nilishuka milima kwa matatu nikipitia Wundanyi na Mwatate hadi Voi, kisha nikaenda kilomita 150 hivi kuelekea baharini, ili nipande ndege inayorudi kule kule nilikotoka. Nilikuwa dirisha la kushoto. Tsavo ilionekana chini, nyekundu na kavu, halafu milima yetu na mawingu yake.

Daraja la kawaida halina shida kwa safari fupi. Kiti ni chembamba, magoti yanagusa kiti cha mbele, kinywaji unanunua, lakini hukai angani hata saa moja. Taabu ni kabla na baada. Tangu nifunge mlango wangu hadi nifike katikati ya jiji, zilipita saa zipatazo 11. Treni ya Madaraka Express inayosimama vituoni huondoka Voi asubuhi, na mchana iko Nairobi.

Ndege ilichelewa, nami nikapata nafasi ya kukaa katika ukumbi wa mapumziko wa kulipia. Ada ya kuingia ilizidi nauli ya daraja la kawaida la treni kutoka Mombasa hadi Nairobi, ambayo tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500. Ndani kulikuwa na chai, sambusa zilizopoa, viti vya kuzama na watu walioinamia simu. Chakula si cha kusifia. Lakini vitu vitatu vilinifaa kweli: choo safi, mahali pa kuchaji simu, na mtu wa kuniambia ndege imechelewa kwa muda gani na kwa nini.

Vitu hivyo vitatu si anasa. Mama anayeshuka na mboga kutoka Mghange kupeleka sokoni Mombasa anavihitaji kuliko mimi. Yeye husubiri matatu ijae, juani au mvuani, bila kujua itaondoka saa ngapi. Choo ni cha kuomba dukani. Hakuna anayemwambia lolote.

Sasa turudi Ikanga. Pwani yetu ina viwanja vidogo vinavyopokea ndege za ratiba: Ukunda, Malindi, na Manda kule Lamu. Viwanja hivyo vina wageni wa hoteli za ufuoni wanaojaza viti. Voi ina Tsavo, lakini watalii wengi wa mbugani huja kwa barabara, na wengine huteremka kwa ndege ndogo za kukodi kwenye viwanja vilivyo ndani ya hifadhi, karibu na hoteli zao. Basi swali ni hili: nani atajaza ndege ya Voi siku ya Jumanne isiyo na sikukuu? Shirika la ndege halitui mahali kwa ajili ya heshima. Likikosa abiria, linaondoka.

Tukumbuke pia kwamba mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii, na kilio cha kugawana mapato yake ni cha miaka mingi. Kama ndege italeta mgeni Ikanga, gari la hoteli limchukue hadi mbugani, kisha arudi zake, sisi wa milimani tutabaki kuhesabu ndege zinazopita.

Kwa hivyo wanaokuja kutuomba kura tuwaulize mambo yanayojibika. Ni shirika gani limekubali kuleta ndege, mara ngapi kwa wiki, na kwa nauli gani? Mkulima wa Mghange atafaidika vipi, ikiwa sukuma wiki yake husafiri kwa lori? Na wakati tunasubiri, ni lini stendi za Wundanyi, Mwatate na Voi zitapata paa, choo kinachooshwa na ubao wa saa za magari?

Ikanga ina gharama kubwa na inahitaji Nairobi ikubali. Choo cha stendi kinahitaji kaunti iamue tu. Atakayeshindwa na hicho kidogo, tusimwamini na kile kikubwa.