Mumiani wa Hadithini na Mumiani wa Chupani

Mwanafunzi akipewa uhuru wa kujichagulia mada ya insha, siri za nyumbani na za bwenini hujitokeza zenyewe. Katika rundo la insha nililolisahihisha baada ya likizo ya Desemba, wanyonya damu walijaa tele. Baadhi yao walivaa majoho meusi na kutoka moja kwa moja katika filamu za kigeni. Wengine walikuwa wa hapa hapa kwetu, wenye gari lisilo na nambari, linaloegeshwa usiku kando ya barabara ya kwenda Runyenjes. Insha moja tu ilikwenda njia yake. Mwandishi wake alisimulia, kwa ufasaha wa kuhusudiwa, jinsi yeye na binamu zake walivyosherehekea Krismasi huko Mbeere. Walikamua maembe, wakatia ndimu na sukari, kisha wakamimina ndani yake "kitu cheupe" kilichonunuliwa kwa jirani katika chupa ya maji. Ukali wa kitu hicho, aliandika kwa fahari, haukusikika kabisa.

Wanyonya damu wote wale hawakunitisha. Insha ya maembe ilinikosesha usingizi.

Nisieleweke vibaya. Mimi si miongoni mwa wale wanaotaka hadithi za kutisha zifukuzwe shuleni. Hadithi hizo zina ukoo mrefu. Bram Stoker alichapisha riwaya yake ya Dracula mwaka wa 1897, lakini pwani yetu haikungoja kufundishwa naye. Kamusi sanifu ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka wa 1939 inalo neno mumiani: dawa nyeusi mfano wa gundi, pamoja na imani ya watu kwamba ilitengenezwa kwa damu ya binadamu waliouawa. Enzi ya ukoloni uvumi wa namna hiyo ulienea bara, Nairobi na hata Uganda, ukavishwa sare za wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2000, wala hakuwacheka wasimulizi. Aliyasoma kama lugha ambayo watu waliitumia kuuzungumzia utawala, kazi na mitambo ya wageni. Naam, mtu anayetolewa jasho kutwa kwa ujira wa senti hahitaji kamusi ili azungumze juu ya kunyonywa damu.

Kasoro iko kwingine. Uvumi huipa hatari sura: ni mgeni, ana gari, ana sindano. Hatari isiyo na sura, inayoletwa na jirani tunayemwamkia kila asubuhi, hupita mlangoni bila kubisha hodi. Hata wakubwa wetu hawakusalimika na upofu huo. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuchunguza ibada ya shetani, na shule zilikuwa miongoni mwa mahali palipotiliwa shaka. Ripoti ilitolewa hadharani mwaka wa 1999. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, watu zaidi ya 130 walikufa Nairobi baada ya kunywa kumikumi iliyotiwa methanoli. Kisha ikaja Mei 2014, zamu yetu sisi wa Embu pamoja na kaunti nyingine kadhaa: makumi wakazikwa, wengine wakabaki vipofu. Februari 2024 kilio kikawa kwa jirani zetu wa Kirinyaga. Katika misiba yote hiyo hakuna aliyeliona gari jeusi.

Walimu wa kemia watanisaidia hapa. Methanoli haitofautiki kwa macho na ethanoli, ile iliyomo katika pombe ya kawaida, na kwa ulimi ni vigumu kuibagua, sembuse ikiwa imefunikwa kwa maji ya maembe. Tena haiui papo hapo. Ini huigeuza polepole kuwa asidi inayoshambulia neva za macho, hivyo mnywaji anaweza kulala akiwa mzima, na saa kumi na mbili au ishirini na nne baadaye akaanza kutapika, kuumwa na tumbo na kuona ukungu. Watu wa nyumbani hudhani ni uchovu wa ulevi, wakamwacha alale. Hapo ndipo anapopotea, kwa maana hospitali ina tiba akifikishwa mapema.

Watetezi wa mila huniambia kwamba Wameru na Waembu wametengeneza pombe nyumbani tangu zamani na hawakuangamia. Ni kweli, lakini muratina ilikuwa asali na maji, iliyochachushwa kwa tunda la mwegea lililokaushwa. Haikutoneshwa kwa mtambo wala kuongezewa kemikali za kiwandani. Zaidi ya hayo, ilikuwa na wenyewe. Ilinywewa na wazee, katika mazungumzo ya mahari au mashauri, na kijana aliyeinyemelea alijua atajibu mbele ya nani. Sheria ya mwaka wa 2010, iliyoihalalisha chang'aa kwa masharti, nayo ilikataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Tofauti ni kwamba sheria hukaa mbali, ilhali mzee alikaa jikoni.

Yupo mwalimu mwenzangu anayeshikilia kwamba kuyasema haya darasani ni kuwafundisha watoto kuchanganya vinywaji. Ndugu yangu, kuchanganya wanakujua! Walichokosa ni nusu ya pili ya hadithi: chupa ilitoka wapi, na saa ishirini na nne baadaye ikawaje. Mwalimu wa Kiswahili na yule wa kemia wakigawana kipindi kimoja kabla ya kila likizo, nusu hiyo itapatikana, na wanafunzi wetu, wanaopenda kutishwa, watasikiliza.

Insha ile niliipa alama 17 kwa 20. Pembeni niliandika swali moja tu: aliyewauzia alikitoa wapi kitu hicho? Amenijibu kwa penseli kwamba hajui, ila babake pia hununua papo hapo.