Mwigizaji Huyu Naye ni Mwalimu

Katika jiji letu la Nairobi wapo watu ambao riziki yao imegawika mafungu matatu, na hakuna daftari la serikali linalojua liwaandike wapi. Asubuhi utamkuta mmoja wao akimfundisha mgeni kutamka neno ng'ombe bila ya kuipachika g mahali isipostahili. Alasiri yumo ukumbini akifanya mazoezi ya mchezo. Usiku yumo garini, akielekea Kisii au Kakamega, maleba yakiwa ndani ya gunia chini ya kiti. Ukimwuliza kazi yake, atasita kidogo kabla ya kujibu. Ukimwuliza mamake, atakuambia kwamba mwanawe bado hajapata kazi.

Namjua mmoja wa watu hawa tangu alipokuwa mwanafunzi wangu wa fonolojia, na ameniruhusu nizungumzie maisha yake mradi nisimtaje jina. Ni mzaliwa wa Mombasa. Alipohitimu, wenzake waliomba kazi za ualimu, za benki na za magazeti; yeye akafuata jukwaa. Miaka kumi na zaidi imepita, na kila anaporudi kwao mamake humwuliza swali lile lile: "Mwanangu, utatulia lini?" Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, kwa sababu ninadhani limewekwa vibaya.

Mwaka wa mwigizaji wa aina hii hauendi kwa kalenda ya ukutani. Huenda kwa mihula ya shule. Katika muhula wa kwanza na wa pili, makundi ya waigizaji huzunguka nchi nzima wakiigiza tamthilia zinazotahiniwa katika shule za upili. Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia kiliwapa wengi mkate wao kwa miaka kadhaa. Kisha kikaja Mstahiki Meya cha Timothy Arege, kikafuatwa na Kigogo cha Pauline Kea, halafu Arege akarudi na Bembea ya Maisha. Kundi hufika shuleni alfajiri, huondoa meza katika bwalo la chakula, hutundika shuka mbili kuwa pazia, na kabla ya saa nne wanafunzi mia kadhaa wamekwisha kuketi. Mchana kundi lile lile huwa katika shule nyingine, maili thelathini mbele. Muhula wa tatu watahiniwa hujifungia na vitabu vyao, na mwigizaji hurudi mjini kutafuta jukwaa la usiku na wageni wanaotaka kujifunza Kiswahili. Mara chache sana, bahati ikimwangukia, hupata tiketi ya ndege.

Sasa na nieleze kwa nini mtu wa isimu ajishughulishe na habari hizi.

Kiswahili tunachokifundisha madarasani ni Kiswahili cha macho. Mwanafunzi hukisoma, hukinakili, hukipigia mstari na kukijibia maswali, na anaweza kufika mwisho wa kidato cha nne pasipo mtu yeyote kumsikiliza akisema sentensi kumi mfululizo. Si kosa la walimu, walio na wanafunzi hamsini au sitini mbele yao na silabasi ya kumaliza. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maana katika lugha hii imo katika yale ambayo wino hauyaonyeshi. Tukiandika "Baba ameondoka," hatuna budi kuongeza alama ya kuuliza ili ijulikane kwamba ni swali. Mdomoni ni kiimbo pekee kinachotenganisha habari na swali, kwa kuwa mpangilio wa maneno haubadiliki. Neno barabara, mkazo ukiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari. Mkazo ukirudi nyuma silabi moja, ni sawasawa. Wasemaji wa Kimvita hulitamka tembo la mnyama kwa mpumuo na tembo la mnazi bila mpumuo, wala hawachanganyi, ijapokuwa kamusi huyaandika mawili hayo kwa herufi zile zile.

Nilipokwenda kulitazama kundi lake katika shule moja ya Bonde la Ufa, mchezo ulipokwisha alibaki jukwaani akawaambia wanafunzi wampe neno lolote. Mvulana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Umerudi!" Akalisema neno hilo mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa mama aliyempokea mwana aliyepotea. Mara ya pili alikuwa mke anayemsubiri mumewe mlevi. Mara ya tatu alikuwa askari jela. Bwalo zima lilicheka, kisha likanyamaza. Nimefundisha kiimbo chuo kikuu kwa michoro na mishale ubaoni kwa miaka mingi, na sikumbuki siku ambayo darasa langu lilinyamaza namna ile.

Wala faida haiendi upande mmoja tu. Aliwahi kunisimulia habari ya mwanafunzi wake, mgeni kutoka Ujerumani, aliyemwuliza tofauti ya "amekufa" na "alikufa." Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hajiulizi mambo kama hayo. Akakaa, akafikiri, akamweleza kwamba anayesema "mzee amekufa" anaileta maiti mlangoni, ilhali anayesema "mzee alikufa" anasimulia jambo lililokwisha kuzikwa. Wiki hiyo hiyo alikuwa akiigiza mjumbe aletaye habari za msiba, akagundua kwamba kwa usiku sita mfululizo alikuwa akilitamka "amekufa" kana kwamba ni "alikufa": taratibu, kwa huzuni iliyopoa. Usiku wa saba aliingia akihema. Bila ya lile swali la mgeni asingeliona kosa lake, na mwelekezaji wake pia hakuwa ameliona.

Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1960 wanafunzi wa Makerere walikuwa na kundi lao la kusafiri, lililozunguka Uganda na Kenya likiigiza kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyinginezo. Huko Kamirithu, Limuru, watu walianza na kisomo cha watu wazima mnamo 1976. Kutoka katika madarasa hayo ya kusoma na kuandika ndipo ulipochipuka mchezo wa Ngaahika Ndeenda, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulioigizwa na wanakijiji wenyewe mwaka wa 1977. Mchezo ulipigwa marufuku mwaka ule ule, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Serikali ya wakati huo, kwa makosa yake yote, angalau ilielewa kwamba darasa la lugha na jukwaa vikikutana huzaa kitu chenye nguvu. Sisi wa leo hatuliogopi jukwaa. Tunalipuuza tu.

Kuhusu safari za ng'ambo, mfano ulio bora ni ule wa 2012, pale ukumbi wa Globe jijini London ulipoalika tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37. Kundi kutoka Kenya lilipeleka Wanawake wa Heri wa Winsa, tafsiri ya Joshua Ogutu, na Falstaff akaigizwa na Mtanzania Mrisho Mpoto. Hadhira haikupewa tafsiri ya kila neno, bali muhtasari mfupi wa kila onyesho. Kilichobaki, waigizaji walipaswa kukieleza kwa sauti na mwili. Ndiyo kazi ile ile aifanyayo mwalimu wa Kiswahili siku ya kwanza mbele ya wageni wasiojua hata "hujambo."

Lakini sitaki kuyapamba maisha haya kuliko yalivyo. Mwanafunzi wangu huyu alipata nafasi ya mwaka mmoja katika mpango wa Fulbright, ule unaowapeleka vijana wa nchi nyingi kufundisha lugha zao katika vyuo vikuu vya Marekani. Aliporudi, wenzake walimcheka mazoezini. Kiswahili chake kilikuwa kimekuwa cha polepole na cha kutafuniwa, kila silabi imesimama peke yake, mithili ya mtu anayemlisha mtoto uji. Ilimchukua miezi kadhaa kurudisha kasi ya kwao Majengo. Halafu ukaja mwaka wa 2020. Shule zilifungwa mwezi Machi, kumbi zikafungwa, na kati ya mafungu yake matatu likabaki moja tu: kufundisha kwa intaneti, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la majani ya chai. Ndilo lililomlipia kodi ya nyumba hadi shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021. Atakayemwambia mtu huyu achague jambo moja aache mengine, na amwambie pia angalikula nini mwaka ule.

Tena yapo makundi yanayoharibu kazi. Nimeona mchezo ukikatizwa katikati ili mwigizaji aorodheshe sifa tano za mhusika, wanafunzi wakiandika mbio mbio. Nimeona onyesho zima likirukwa kwa kuwa gari lilikuwa likingoja. Hilo si tamthilia, ni mwongozo wa mitihani uliovalishwa kanga. Walimu wakuu wanaowafungia waigizaji lango kwa sababu hiyo siwezi kuwalaumu sana, ingawa wangeweza kuuliza kwanza ni kundi gani limebisha hodi.

Ubaya ninaoulalamikia ni mwingine. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 chini ya mtaala wa umilisi ni la mwaka 2026, na mtaala huo umetenga mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, ambamo limo somo la maigizo na filamu. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini ni nani atakayelifundisha? Sheria yataka mwalimu awe amesajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, na usajili huo huhitaji vyeti vya ualimu. Mwenye shahada ya isimu, aliyeigiza tamthilia tatu za mtihani mbele ya maelfu ya wanafunzi na kufundisha Kiswahili chuo kikuu ng'ambo, hana nafasi katika fomu. Ataruhusiwa kuingia shuleni kama mgeni wa saa mbili, lakini si kama mwalimu wa siku moja kwa wiki.

Mwenzangu mmoja wa kitivo cha elimu aliniambia kwamba kulegeza masharti hayo ni kuwafungulia mlango matapeli. Hoja yake ina uzito, nami sipendekezi mlango uachwe wazi. Ninapendekeza usajili wa muda kwa wasanii wenye shahada, wafundishe chini ya mwalimu wa Kiswahili aliyeajiriwa, kwa mkataba ulioandikwa na malipo yanayojulikana kabla ya muhula kuanza. Ninapendekeza pia kwamba sisi wa vyuo vikuu tuwatake wanaosomea ualimu wa Kiswahili washiriki angalau mchezo mmoja kabla ya kuhitimu. Mwalimu asiyeweza kumsomea mtoto mazungumzo ya watu wawili kwa sauti mbili hajawa tayari kufundisha tamthilia, hata akiwa na alama za juu katika nadharia. Na ninajua baadhi ya wale tuliowapitisha sisi wenyewe hawawezi.

Alinipigia simu juzi akiwa njiani kwenda Homa Bay. Alikuwa na maonyesho mawili siku inayofuata, na saa tatu usiku darasa la intaneti na mwanafunzi wa Chicago, ambako ni mchana. Nilimwuliza kama ile shule iliyowaalika muhula uliopita imekwisha kuwalipa. Akacheka, akasema, "Mwalimu, mhasibu anasema nirudi Jumatatu." Hakusema ni Jumatatu ipi.