Tahadhari: Simu Inabaki Nyumbani, Kifafa Kinakwenda Bwenini

Shule zinafunguliwa. Mzazi mwenye kijana anayetumia dawa za kifafa, usifunge tranka bado.

Likizo nzima programu ya kwenye simu ndiyo imekuwa ikimkumbusha. Saa mbili asubuhi inalia, anameza kidonge cha kabamazepini, anagusa kioo, tiki ya kijani inatokea. Saa mbili usiku vilevile. Kwa mpwa wangu wa kidato cha pili tuliifurahia mno, hata dada yangu akaacha kuuliza. Bwenini simu haziruhusiwi. Ile yake ikabaki kwenye droo ya mama, ikawa inalia kila jioni mpaka chaji ikaisha. Wiki ya tatu tukapigiwa: kaanguka bafuni, kapasuka juu ya jicho. Kopo la dawa lilikutwa chini ya soksi, limepungua vidonge vichache tu. Si ukaidi. Alizoea kuitwa, na huko hapakuwa na wa kumwita.

Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, mtukutiko mmoja ukafuata mwingine kabla mgonjwa hajazinduka. Hapo maisha yamo hatarini.

Basi dozi ifungamanishwe na kitu kisichohitaji chaji: uji wa asubuhi, chakula cha jioni kabla ya prepo. Dawa akabidhiwe matroni au patroni, na aambiwe wazi ni za nini. Najua wazazi wanaficha, kwa sababu wapo wanaoamini povu linaambukiza. Haliambukizi. Matroni asipoambiwa, siku ya siku atamtia mtoto kijiko mdomoni. Anachopaswa kufanya ni kumlaza ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu yake na kutazama saa: zikipita dakika 5, hospitali.

Wanaosoma kutwa nao wasijisahau. Zipo programu zinazodai kutambua mtukutiko usiku. Nyingi hupima mtikisiko, kwa hiyo kijana anayeduwaa tu, amekodoa macho, hazimwoni. Tena simu nyingi, ili kutunza betri, huzima kimyakimya programu zinazofanya kazi chinichini. Bando nalo likiisha, ujumbe wa mtandaoni haufiki chumba cha pili.

Na programu ikionyesha tangazo la “siku 60 bila kuanguka”, lisimdanganye mtu kuacha dawa. Kwa kawaida madaktari husubiri miaka kama 2 ya utulivu ndipo wafikirie kuipunguza, tena kidogo kidogo.

Kumbukumbu za simu zinakiliwe kwenye daftari leo. Video ya mtoto akiwa ameanguka, kama ipo, mwonyeshe daktari wa kliniki. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo haina kazi.

Daftari la mpwa wangu lina safu mbili, asubuhi na usiku. Matroni anaweka tiki kwa kalamu nyekundu, na Jumapili dada anapiga simu ofisini asomewe.