Hadubini Isikae Kabatini

Nataka kutoa maoni juu ya jambo ambalo baadhi ya wenzangu hulicheka. Juzi mwalimu wetu wa Baiolojia alitueleza kwamba wako wataalamu, wenye shahada ya udaktari tayari, ambao kazi yao ya kila siku ni kuchunguza utando wa chembe za damu zinazoulinda mwili. Mwenzangu mmoja akasema, "Huo ni mchezo wa matajiri. Sisi tunataka dawa." Mimi sikubaliani naye, na sababu zangu ni hizi.

Nilipokuwa darasa la nne, mjomba wangu hapa Mlali alikohoa miezi mingi. Kwetu Waluguru mjomba ni mtu mkubwa, kwa hiyo nyumba nzima ilihangaika. Wengine walisema amerogwa, na siku zikapotea. Mwishowe alipelekwa hospitali, makohozi yake yakatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini yenye mwanga wa buluu. Vijidudu vya kifua kikuu vikaonekana viking'aa katika giza kama vimulimuli shambani usiku. Akameza dawa miezi sita, akapona.

Basi, njia iliyomwokoa mjomba ndiyo ile ile ya wataalamu wale. Nao hutia rangi inayong'aa katika utando wa chembe, wakautazama ukifanya kazi. Utando huo ni wa mafuta laini, unene wake kama sehemu 5 katika milioni moja za milimita, na protini huelea ndani yake kama vibuyu mtoni. Kijidudu kikifika, chembe hukizungushia utando na kukimeza. Lakini kijidudu cha kifua kikuu kikishamezwa mara nyingi hakifi, bali hukaa humo humo kikingoja. Kwa nini? Hapo ndipo penye kazi. Chanjo ya BCG, iliyoanza kutumika kwa watu mwaka 1921, huwakinga watoto wadogo wasipate kifua kikuu kikali, lakini watu wazima haiwakingi vya kutosha. Tutapataje iliyo bora bila kujua vita hiyo inavyopiganwa?

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Maabara iliyoanzishwa Ifakara, katika mkoa wetu huu, mwaka 1956, leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Na hapo Morogoro mjini, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi ya wagonjwa. Hata hivyo, panya akishaonyesha, ni lazima watu wahakikishe maabarani.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu jambo moja. Shule niliyosoma zamani ilikuwa na hadubini moja, nayo ilifungiwa kabatini isije ikaharibika. Tulimaliza miaka minne bila kuitia jicho. Afadhali hadubini ichakae mikononi mwa wanafunzi kuliko kuliwa na kutu gizani. Nanyi wazazi, mtoto akisema anataka kusomea vitu vidogo visivyoonekana, msimcheke. Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa kiza. Sisi nyumbani tulikaa katika kiza hicho miezi mingi, na kidogo tumpoteze mjomba.