Achari ya Mama Haina Kosa, Kosa ni Kuificha

Mwaka 2022, abiria mmoja alitua Darwin, kaskazini mwa Australia, akitokea Bali. Begini mwake mlikuwa na mikate miwili ya mayai na soseji, na kruasani moja ya nyama ya nguruwe. Kiamshakinywa tu. Mbwa wa kunusa alilipitia begi hilo akalitambua. Kwa kuwa abiria hakuwa amekitaja chakula hicho, alitozwa faini ya dola 2,664 za Australia, zaidi ya shilingi 200,000 za Kenya kwa wakati huo.

Habari hiyo ilizungushwa mitandaoni kama kichekesho. Sisi wa Pwani tusiicheke sana. Kijana wetu akipata viza ya masomo, au dada akienda kumfuata mumewe ughaibuni, usiku wa kuamkia safari nyumba hujaa. Mama anafunga achari ya maembe kwenye mkebe na kuuzungushia selotepu. Shangazi analeta mabuyu na krispi za muhogo. Jirani anagonga mlango na kifurushi cha ng'onda: "Nipelekee kwa mwanangu, hajala samaki wa kwetu miaka miwili." Msafiri hana uso wa kukataa.

Kisha ndege inakaribia kutua, na anaulizwa, kwa kadi au kwa mdomo: umebeba chakula, mimea, mbegu, nyama, au kitu chochote kitokanacho na mnyama? Hapo ndipo wengi wetu hujibu "Hapana", na hapo ndipo balaa huanza.

Jambo ambalo hatuambiani ni hili: katika nchi nyingi, adhabu hailetwi na chakula chenyewe. Huletwa na lile jibu. Forodha ya Marekani inasema wazi kwamba msafiri akitaja mazao na vyakula vyote alivyobeba, hatozwi faini hata kama afisa ataamua kitu fulani kisiingie. Kitachukuliwa na kuharibiwa, naye ataendelea na safari. Asipotaja, faini inaweza kufika dola 10,000. Australia nayo ni hivyo hivyo: taja, kikaguliwe, na ukiwa na shaka taja pia.

Tena si faini peke yake. Oktoba 2019, mtalii kutoka Vietnam alikamatwa Sydney na takriban kilo 10 za vyakula alivyokuwa hakuvitaja, nyama mbichi ya nguruwe ikiwemo. Viza yake ilifutwa akarudishwa kwao. Mpwani aliyeuza shamba au kuchangiwa harambee ili apate viza anajua uzito wa jambo hilo. Fikiria kuipoteza kwa sababu ya mkebe wa achari ambao, ungalitajwa, pengine ungalipita.

Wako wanaosema Wazungu wametuzidi kwa masharti. Kabla ya kulaumu, tuwaulize wakulima wetu wa maembe. Kuna nzi wa matunda mwenye asili ya Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, huku huku Pwani. Jike hutaga mayai ndani ya tunda. Kwa nje embe linapendeza, ndani lina funza. Alienea Afrika, na mwaka 2014 Kenya ililazimika kusimamisha yenyewe usafirishaji wa maembe kwenda Umoja wa Ulaya. Soko hilo halikufunguka tena hadi 2021. Miaka saba ya hasara kwa sababu ya mdudu asiyezidi ukucha. Nchi inayomuuliza msafiri kuhusu embe moja mkobani inaogopa yaliyotupata sisi. Na ule mkate wa Darwin ulipatikana wakati Indonesia ikipambana na ugonjwa wa miguu na midomo, maradhi ambayo mfugaji yeyote wa Tana River anayafahamu.

Kwa nini basi tunaficha? Nadhani tumefundishwa na maisha ya nyumbani. Katika kaunta nyingi za huku, anayesema ana kitu amejifungulia mlango wa "chai". Mwenye kunyamaza hupita. Tumejenga akili kwamba afisa hukwepwa, na akili hiyo tunaipanda nayo ndege. Ugenini inatugeukia, kwa sababu kule mashine na mbwa hawapokei chai, na anayesema kweli ndiye anayepita haraka. Ukenda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Tuyaangalie mabegi yetu basi. Mabuyu tunayaona peremende, lakini ndani yake ni mbegu, na mbegu hutajwa. Nyama ya kukausha, maziwa na samli ni vitu ambavyo Umoja wa Ulaya na Uingereza haviruhusu abiria kuviingiza kutoka kwetu, hata viwe vidogo vipi. Matunda karibu yote huhitaji cheti cha afya ya mimea kuingia Umoja wa Ulaya. Yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Kwa hiyo nazi ya Kilifi inapita bila cheti, embe la shamba lile lile halipiti. Asiyejua atabeba kinyume chake.

Vifaa vyetu binafsi pia vina maswali yake. Viatu vya mpira vyenye matope ya uwanjani lazima vitajwe Australia, maana udongo hubeba vijidudu. Vioshe kabla ya kufunga begi. Ngoma iliyowambwa ngozi ya mbuzi, kikapu cha ukili, kinyago cha mbao: vyote vina asili ya mnyama au mmea, kwa hivyo vitajwe. Magamba ya kasa usiyaguse kabisa, kwani huku nyumbani ni hatia tayari.

Lakini kusema kweli hakusafishi kila kitu. Miraa ni dawa ya kulevya kisheria Saudia na Marekani, na Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014. Ukiitaja haitakuwa halali. Vivyo hivyo kwa wanaokwenda Imarati: dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinahitaji kibali kabla ya safari, na hata khashkhash ya jikoni ni marufuku kule. Kifurushi cha jirani usichokifungua ukakiona ndani, kiache nyumbani. Aibu ya kumkatalia jirani ni ya siku moja.

Na kurudi nako kuna hesabu. Novemba 2023 Wakenya walikasirika KRA ilipokumbusha kwamba, wakati huo, bidhaa zilizozidi dola 500 zilikuwa zikitozwa kodi. Viwango hubadilika, hivyo ulizia kabla ya kusafiri. Ukiondoka na kamera au kompyuta ghali, beba risiti au nakala yake, ili wakati wa kurudi uweze kuonyesha kwamba ulitoka nayo.

Mambo haya hayahitaji mwanasheria. Mawakala wa safari na wa ajira za Ghuba huchukua pesa nyingi kwa wateja wao. Wanaweza kuwapa karatasi moja ya Kiswahili yenye orodha ya vinavyokatazwa na vinavyotajwa. Vikundi vya Hija na Umra hukaa darasa kabla ya kuondoka. Dakika kumi za somo la forodha hazitapunguza kitu. Serikali za kaunti zetu, zinazojisifu kwa vijana waliopata kazi nje, ziweke somo hili kwenye mafunzo ya kabla ya safari.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mama aendelee kufunga achari yake. Mtoto naye, akiulizwa, aseme: "Ndiyo, nina chakula, hiki hapa." Kibaya zaidi kinachoweza kutokea ni mkebe kutupwa, na mama atatengeneza mwingine.