Kibondo na Kasulu Katika Hesabu ya Taifa

Kila mwezi wa Juni Waziri wa Fedha husoma Makadirio ya Serikali Bungeni mjini Dodoma, na wananchi hutega masikio wapate kujua bei ya petroli na ya sukari. Ni wachache waulizao jinsi fedha hizo zinavyogawanywa baina ya mikoa. Sisi leo twauliza, na twawaomba wasomaji wetu watazame nyanda za juu za Kigoma, huko Kibondo na Kasulu.

Ardhi ya huko si kame. Mvua hunyesha, na maharage, mihogo na mahindi hustawi. Umaskini wake una historia. Siku za ukoloni wilaya hizi zilihesabiwa kuwa ghala ya watu wa kazi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, chombo chao cha kuandikisha vibarua, na Waha kwa maelfu wakapelekwa Tanga na Morogoro kuwa manamba. Aliyeondoka Kasulu kwenda kukata mkonge hakuacha nyuma yake barabara wala kiwanda. Aliacha mke na shamba.

Baada ya Uhuru, Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa 1969 hadi 1974, ulichagua miji tisa ya kukuzwa. Kigoma haikuwamo. Reli ilikuwa imefika huko tangu 1914, ni kweli, lakini reli hiyo haipandi Kasulu.

Watafiti wamekwisha fanya kazi yao. Takwimu za 2012 zilionyesha kwamba asilimia 48.9 ya watu wa Mkoa wa Kigoma walikuwa chini ya mstari wa umaskini, hali kwa Taifa zima ilikuwa asilimia 28.2. Utafiti wa 2017/18 uliikuta Dar es Salaam ina asilimia 8 na nchi nzima asilimia 26.4, Kigoma ilikuwa ingali juu ya wastani huo.

Basi fedha ziligawanywaje? Mwaka 2004 Serikali ilianza kutumia kanuni katika kugawa ruzuku za Halmashauri. Katika ruzuku ya afya, sehemu 70 katika mia zilifuata idadi ya watu. 10 idadi ya maskini. 10 mwendo wa magari ya wilaya. Na 10 vifo vya watoto wadogo. Kanuni hiyo twaisifu. Ila sehemu kubwa ya ruzuku ni mishahara, na mshahara humfuata mtumishi, haumfuati mgonjwa wala mwanafunzi. Mwalimu aliyekosa nyumba Kibondo akipata uhamisho wa kwenda mjini, mshahara wake huenda naye. Mwakani mafungu huandikwa kwa kuwahesabu walimu waliopo, na hivyo wilaya yenye upungufu hupewa kidogo kwa sababu ina upungufu!

Wako wasemao kwamba fedha hazina budi kupelekwa penye uzalishaji mkubwa. Twawauliza: ni nani angejenga kinu Kasulu, mahali ambapo gridi ya Taifa haikufika mpaka 2022, na umeme ulitoka katika jenereta za dizeli? Hata lami ya kwenda Nyakanazi kupitia Kibondo imejengwa miaka ya karibuni tu. Na wilaya hizi hizi ndizo zilizowapokea wakimbizi wa Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996. Mzigo huo zimeubeba kwa niaba ya nchi nzima.

Twaitaka Hazina itangaze, kwa kila Halmashauri, ni shilingi ngapi zimemfikia kila mwanafunzi na kila mgonjwa. Tena, nafasi ya kazi iliyo wazi Kibondo ihesabiwe kwa fedha kana kwamba ina mtu, na fedha hizo zibaki huko huko zikijenga nyumba za walimu na waganga mpaka nafasi ijazwe. Wabunge wa Kigoma wana haki ya kupewa jibu la jambo hili kabla hawajayapigia kura Makadirio yajayo.